Nukta

Oruro, mwezi Julai, maji yameganda bombani.
Kabla ya mtihani, Mwalimu Condarco
hupitisha gunia la viazi kati ya madawati,
nasi tunatumbukiza simu, moja moja,
kama watoa sadaka wa shingo upande.
Nilitoa ile ya zamani, kioo nyufa, betri maiti.
Iliyo hai niliifunga pajani
kwa soksi ya kaka yangu wa mgodini;
bado ilinuka salfa.

Swali la nne. Mtoto ana kilo kumi na mbili.
Homa imepanda. Daktari kaandika hivi, chupa inasema vile.
Mpe mililita ngapi?

Nikazidisha. Nikagawanya. Nikapuliza vidole.
7.5, nikaandika,
na penseli ikatulia kama mtu aliyefika kwao.

Ndipo paja likatetemeka.
Limbert, kutoka choo cha ghorofa ya pili, anatugawia sote:
la kwanza b, la pili d, la tatu kweli,
la nne 75.

Nikatazama langu, nikatazama lake.
Lake limeruka hewani, limepokewa,
limepigiwa dole gumba na nusu ya darasa.
Langu lilikuwa na mimi tu.
Mkataa wengi ni mchawi, wanasema.
Nikachukua kifutio.

Ijumaa mwalimu hakufoka.
Alimimina maji ya chupa kwenye bilauri,
akapima kwa jicho, akaongeza kidogo, akaiweka mezani.
"Sabini na tano.
Watu thelathini na wanane mmemnywesha mtoto hii."
Nyuma kuna aliyecheka,
halafu akaacha.

Kisha akaniita mimi.
Akaibandika karatasi yangu kwenye kioo cha dirisha,
jua kali la nyanda za juu likapenya,
na pale kwenye swali la nne,
katikati ya saba na tano,
ikajitokeza nukta yangu:
ndogo, kama alama ya sindano
kwenye mkono wa mtu aliyekwisha pona.

"Na huyu," akauliza, kidole juu yake,
"huyu alikuwa nani?"

Kuomba radhi nilijua. Hata machozi nilikuja nayo.
Lakini swali hilo halikuwamo kwenye orodha,
Limbert alikuwa anachezea zipu ya koti lake,
na paja langu,
nililitegea sikio kwa muda mrefu,
lilikuwa kimya.