Lumbesa

Walinitafuta kwa ajili ya ufunguo tu.
Ghala namba tatu, soko la mahindi, Kibaigwa.
Mwezi wa pili: mahindi yamekwisha, panya wamehama,
na mimi mpimaji sina cha kupima.
Wakasema, Baba, tuazime siku mbili,
tuna tamasha la vitabu.
Nikasema vitabu havibungui, leteni.

Wakaja na turubai, na viti vya kanisa,
na bango la mkono: WARSHA, RIKA ZOTE.
Rika zote zikaitika kweli.
Kitoto cha Elitha muuza chapati, bado kinanyonya,
kilikaa mkekani kikitafuna kona ya kitabu cha picha.
Mama yake akakimbilia kukinyang'anya.
Mwacheni, wakasema, kila mtu huanzia mahali.

Vijana wa sekondari walichora katuni
ya dereva wa lori aliyesinzia Gairo
akaamkia Chalinze, amebeba mzigo wa mwenzake.
Walinichora na mimi. Tumbo walizidisha.

Darasa la tatu walikata mifuko ya saruji,
wakaikunja kurasa nane nane,
wakakosa cha kushonea.
Nikawapa sindano yangu, ile ndefu ya magunia.
Ingiza, vuta, kaza. Uzi haukatwi kwa meno.
Vikatoka vitabu kumi na saba vyenye vumbi la kijivu,
kimoja kinaitwa "Mbuzi Wetu Aliyekula Daftari",
na mwandishi wake, Nyemo, akakataa kuniambia mwisho.

Mchana Mwalimu Chilewa, binti mdogo,
mkono wa miwani umefungwa kwa waya,
akatangaza: Sasa twende kwenye mizani.
Nikanyanyuka. Hapo ndipo kwangu.
Karibu, Baba, akasema, ila hii haina mawe,
huku nane, kule nane, basi.
Akatugawia punje alizookota sakafuni:
silabi moja, punje moja.

Nikaandika: Mimi Ndahani mpimaji.
Nikapanga punje zangu mezani.
Akazigusa moja moja kwa ncha ya kalamu.
"Tisa, Baba. Mstari wako una lumbesa."

Ghala zima likaangua kicheko.
Nami nikacheka, kwa meno.
Lumbesa naijua kabla yeye hajazaliwa:
ile kofia ya kamba juu ya mdomo wa gunia,
mahindi ya mtu yanapanda, bei imekaa palepale.
Goti lililokuwa likishindilia ni hili.
Sindano ni hiyo hiyo, mikononi mwa watoto.

Nyuma kabisa Bibi Sechelela wa Mlali hakucheka.
Herufi amezijua mwaka juzi, kwenye kisomo cha jioni.
Punje zake alizihesabu kwa Kigogo, midomo ikichezacheza,
akarudia, akatoa moja, akairudisha.
Kisha akasimama, akasoma polepole:

*Nililima kwa mikono, jua likinitazama,*
*Nikapakia mavuno, sokoni nikasimama,*
*Mpimaji pasi neno, akashindilia vyema:*
*Gunia la debe sita, limebeba debe nane.*

Akakaa, akakunja karatasi, akaitia kwenye pindo la kitenge.
Upande wangu hakutazama.
"Imetimia, Bibi," Mwalimu akasema, "hakuna hata punje ya ziada,"
na watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga,
mikono sikujua niiweke wapi.

Jioni watoto wakavipanga vitabu vyao kwenye mizani yangu,
ile kubwa ya chuma, vyote kumi na saba.
Mshale haukusogea.
Mbovu hii, akasema Nyemo.
Sikubisha.

Walipoondoka nilifagia.
Punje nikazibakiza, nikazipanga tena juu ya meza.
Nikiondoa "mimi" zinabaki saba.
Nikiirudisha, tisa.
Lori likapita barabarani, meza ikatikisika, nikaanza upya.

Msimu unafunguliwa mwezi wa sita.
Sindano sijaidai.