Machozi ya Dukani

Honi ya feri ya Kamanga ikilia mara ya kwanza
Nkwimba ananawa mikono, povu hadi viwikoni.
"Baba, tazama dari."
Dari hatuna. Natazama bati,
tundu la msumari lenye nyota yake ya mchana.
Anavuta kope la chini, linakuwa mfuko mdogo wa shati,
anadondoshea humo tone moja.
La baridi: chupa hulala ubavuni mwa mtungi.
"Usifinye."
Sifinyi.
"Umefinya."
Nimefinya.

Tunangoja dakika tano, ndipo chupa ya pili:
machozi ya dukani,
elfu kumi na mbili, na chupa haizidi kidole gumba.
Mimi niliyelia bure darasa la tatu lote
waliponiuliza, "Unamtazama mwalimu au dirisha?"
leo nanunua machozi na kudai risiti.

Mimi ni fundi cherehani, najua alichofanya daktari.
Msuli ulikazwa mno; akaufumua,
akausogeza nyuma kiasi cha pindo la gauni la mtoto,
akaushona upya.
Kwa uzi unaoyeyuka wenyewe!
Nilicheka peke yangu wodini.
Ningeutumia mimi uzi huo,
wateja wa Makoroboi wangenirudia uchi.

Lakini mshono unakwaruza, kama punje ya mchanga
iliyokataa kutoka tangu tulipooga Igombe.
Jicho jekundu, shavu la sangara wa leo.
Siku ya tatu mawe ya Igogo yalizaa mapacha,
sindano zikawa mbili,
nami nikahangaika kutunga uzi
kwenye ile isiyokuwepo.
Jirani akikaanga dagaa nafunga dirisha.
Cherehani nimeifunika kanga. Hata kuitazama, bado.

Usiku ni zamu ya Ng'washi, na jeli.
Anaiminya ukingoni mwa kope:
nzito, inanata, mlenda usiotiwa chumvi,
na chumba chote kinaingia kwenye ukungu wa ziwa,
taa inavimba, ukuta unakwenda zake.

Miaka kumi na tisa ameniambia,
"Jicho lako moja linanitazama, jingine linalinda mlango."
Wenye kupenda, husemwa, chongo huita kengeza.
Yeye kengeza aliliita askari.

Jana, kabla hajaminya,
yote mawili yalimwelekea kwa pamoja, mara ya kwanza.
Akanyamaza, kifuniko mkononi.
Akavuta kitenge begani.
"Mbona unanikodolea?"
Sikodolei. Nadhani ndivyo watu wanavyotazama.
"Na mlango sasa nani ataulinda?"

Sikuwa na jibu. Jeli ikajaa, nikafumba.
Nikasikia akiinuka, nyayo zake kwenye saruji,
komeo likasukumwa hadi mwisho,
kisha akarudi, akakaa,
akaniuliza kama linawasha.