Safu ya Nyuma

Wete, saa nane usiku. Feni imezimika na umeme,
kompyuta inakula betri, nami nakula kucha.
Mchoro uko mbele yangu: visima milioni moja na ushei,
kila kimoja chembamba kuliko unywele wa kichanga,
na kazi yao ni kukinga mwanga,
kuuhesabu, kuumwaga, kukinga tena,
mara elfu nne kabla hujamaliza kuitika "naam".

Karafuu haisubiri.
Inaanguka mbele ya lenzi, kavu, kichwa chini,
na kabla pumzi ya kompresa haijaipiga
iende guniani, au kando na makonyo,
mashine iwe imekwisha kuijua.

Jana tuliijaribu bodi ya kwanza ghalani.
Kila karafuu ilitoka imepinda, kama iliyopigwa kiharusi.
Vijana wa mizani wakacheka. Mimi niliujua ugonjwa:
safu zangu zinasoma kwa zamu,
ya kwanza imemaliza, ya mwisho haijaanza,
na baina ya zamu hizo karafuu imeshahama.
Kama sala ya Idi mwaka ule spika zilipoharibika:
imamu kasujudu,
safu ya nyuma bado wamesimama.

Basi, zote zifumbe kwa pamoja.
Lakini hapo kila kisima kinataka kibweta chake cha giza
cha kuhifadhia mavuno,
na kibweta kinakula nafasi, na nafasi ndiyo mwanga.
Ukiharakisha, giza.
Ukingoja, ukungu.
Aliyesema haraka haina baraka
hakupewa bajeti ya mikrosekunde tisa.

Bi Kazija, mchambuzi wa misimu thelathini,
aliiweka bodi yangu kiganjani kama sarafu ya nchi asiyoijua.
"Jicho hili linapepesa?"
Nikamwambia halipepesi.
"Maskini. Litapumzika lini?"
Kisha akachota karafuu, macho yake yangali usoni kwangu,
vidole vikatupa mpeta kushoto, makonyo kulia,
nzuri zikabaki mapajani.
Hakuangalia hata moja.

Sina kisima cha kukingia hilo.

Umeme umerudi. Feni inajikokota.
Mapanga yake nayahesabu: moja, mbili, tatu,
moja, mbili,
halafu jicho langu linasalimu amri, linaona duara tu.
Nafuta safu ya nyuma.
Naichora upya.