Kiambatisho cha Saba

Fomu ina kurasa tisini na mbili.
Ukurasa wa arobaini unauliza:
Maji haya yangalipanda
hata kama dunia isingalipata joto?
Thibitisheni. Takwimu za miaka thelathini.

Nimeketi Makupa, duka la kompyuta,
feni yazunguka shingo upande,
kando yangu Bi Mwanasha wa Jomvu Kuu
na chupa ya maji ya kisima chake.
"Waonjeshe," asema. "Chumvi haina mkalimani."
Namwambia, chupa haipandi mtandaoni.

Lakini jikoni kwake kuna ukuta,
na ukutani mistari ya mkaa:
huu wa mwaka aliozaliwa Athumani,
huu uliochukua kuku kumi na mmoja,
huu wa juzi, unamfika kifuani.
Nikaupiga picha, nikaandika: Kiambatisho cha saba.

Miezi minane.
Barua ikaja, ya adabu,
yasifu juhudi zetu, yaomba
picha iliyo wazi zaidi, yenye rula kando,
na mchango wetu wenyewe, asilimia kumi.

Nikaenda Jomvu na rula.
Bamvua lilikuwa limenitangulia.
Ukuta haupo. Palipokuwa jiko
kaa wanapita ubavu, bila haraka,
kama wenye hati ya kiwanja.

Bi Mwanasha akaishika rula,
akaichomeka topeni mpaka ikasimama,
akapandisha leso, akasimama nyuma yake.
"Haya, piga. Na mimi nionekane.
Hiyo asilimia kumi
si ndiyo mimi?"