Kwa Siti, Kutoka Kibosho

Mkwe mwenzangu, Bi Intisar,
vuli imeingia kwa fujo mwaka huu,
mfereji umefurika hadi migomba ya chini,
na simu yangu haishiki mtandao mpaka nisimame
juu ya kaburi la baba mkwe.
Ndiyo, ndipo ninapokupigia. Usishtuke.
Kwetu wafu hawaendi mbali. Wanalala kihambani,
wanasikia bei ya kahawa na ugomvi wa mawifi.

Jana nilikumbuka siku mlipokuja kuposa.
Shemeji Kleofasi alikunja mikono:
"Mbege watainywa?"
Hawainywi.
"Basi ukoo tutaufungulia nini, soda?"
Soda, shemeji. Kreti mbili, na sufuria ya mtori.
Akauliza tena, swali la mila, hakuwa na nia mbaya:
"Kihamba chenu kiko wapi?"

Yazan akanyamaza.
Kijana anayewafundisha wagonjwa wa KCMC
kutembea upya baada ya ajali za bodaboda
alikaa kama aliyevunjika yeye.
Alipokutafsiria, ulifungua mkoba.
Hukutoa hati, hukutoa picha.
Ulitoa chupa ya maji, ya plastiki,
shingo imeviringishwa gundi ya karatasi mara tano,
ndani mafuta, kijani cha jani la mgomba changa.
Ukammiminia Kleofasi kiganjani.
"Ardhi," ukasema,
na mwanao hakuhangaika kutafsiri.
Kleofasi alinusa. Alilamba. Alitazama chini kitambo.
Kisha akaomba mkate.

Jikoni, mimi na wewe, tulianza na yaliyo mepesi:
sukari, sahani, sabuni.
Tukahesabu vitunguu kama watoto wa chekechea:
sita, saba,
tukateleza kwenye nane,
tukakutana tena kwenye tisa, tukacheka
mpaka Aikande akaja kuchungulia mama zake wana nini.
Halafu yakaja mengine, hatukuyatafuta.
Uliposema askari,
ukaonyesha kwa kisu, juu ya karoti,
namna miti ya baba yako ilivyokatwa, kimo cha goti,
nikajua kuna maneno
ambayo ningetamani yasifanane.

Mjukuu wetu hajambo. Ana jina lako,
maana mzaliwa wa kwanza ni wa upande wa baba,
na mila haikuuliza baba katoka ng'ambo ipi.
Sokoni Kiboriloni wanamwita Inti.
Wewe anakuita Siti, kama ulivyomfundisha,
na wauza ndizi wanadhani mtoto anatafuta siti ya basi.
"Siti yako iko wapi, Inti?"
"Nablusi," anajibu, "anachuma zaituni."

Kuhusu mzeituni sitakudanganya.
Ule mche tulionunua Arusha, wewe ukachimba shimo
kwa mikono yako, ukakataa jembe langu,
una miaka sita na umezaa majani tu.
Bwana shamba anasema mvua yetu imezidi,
huo ni mti unaotaka kiu.
Nilidhani Kleofasi ataung'oa apande maparachichi,
kila mtu siku hizi ni maparachichi.
Jumapili, baada ya misa, nikakuta
amefunga kwenye shina jani la isale, fundo moja.

Isale, mkwe, ndilo jani la kuombea msamaha.
Ukiletewa fundo lake huna ruhusa ya kukataa,
hata kama aliyekukosea alikuulia ng'ombe.
Hakuniambia anauomba mti radhi
kwa kuusumbua na matope yetu,
au ni lile swali.
Sikumuuliza. Alikuwa ananoa panga, anapiga mluzi.

Ulisema mwaka huu mmepewa siku mbili za kuchuma.
Mlifika shambani? Mlirudi wote?
Tangu Alhamisi nasikia mlio tu, kisha kimya.
Piga hata usiku wa manane.
Nitavaa mabuti ya Kleofasi,
nitachukua mwavuli,
nitapanda kaburini.