Kalamu ya Koplo Ndahani

Mwaka juzi, hapa hapa kona ya Kigwe,
Koplo Ndahani alikuja na futi kamba na chaki,
akapima alama za breki hadi zilipoishia,
akaandika vizuri, kwa mwandiko wa shule.
Mama mmoja alikuwa bado anapumua
alipoanza kupima.
Alipomaliza, hakuwa.

Leo lori la alizeti limelala ubavu,
mbegu zimetapakaa lami nzima, nyeusi, zinateleza,
na utingo yuko chini, paja limepasuka.
Watu wameshamshika miguu na mikono:
"Tumpakie! Tumpakie kwenye pikipiki!"
"Mwacheni. Asinyanyuliwe."
Sauti ile ile ya "leseni yako".

Anapiga goti. Sare nyeupe basi tena.
Anakandamiza kwa viganja viwili,
uzito wote wa mwili, kama walivyofundishwa
siku tatu bwaloni, juu ya sanamu ya mpira
isiyo na damu, wala mama, wala jina.
"Unaitwa nani?"
"Masaka."
"Masaka, niangalie mimi. Usiangalie mguu."

Mkanda wake unazunguka paja,
spana ya lori inausokota
mpaka damu inatii amri.
Kisha anachomoa kalamu ya kuandikia makosa,
anaandika saa juu ya mkono wa kijana:
tisa na dakika kumi na mbili.
"Afande," Masaka ananong'ona, "nimekosa nini?"

Hajibu.
Upepo wa Bahi unazoa mbegu.
King'ora bado hakijasikika.
Anahesabu pumzi za mtu mwingine,
na futi kamba iko mfukoni, imejikunja.