Rudisha Nyuma Kwanza

Jomari alikuja alfajiri, ametoka zamu ya usiku
ya kupokea simu za watu wenye hasira wa bara jingine,
akaweka mezani pangu bomba la shaba la kuvutia mvuke,
limefungwa kwa leso kama jino lililong'oka.
"Aling Bebang," akasema, "limegoma."

Sikuuliza nani kaligomesha.
Ubavuni mwake niliona meno ya koleo,
safu mbili, kana kwamba mbwa alipita.

Hapa Marikina, nyuma ya duka la gundi ya viatu,
nimefungua mengi: ya shaba nyekundu, ya aluminiamu,
ya chuma cha pua yanayojidai hayashiki kutu.
Kweli, hayashiki kutu. Yanashikana yenyewe.
Chuma kikisuguana na ndugu yake, kikavu kwa kikavu,
hung'atana, hulishana vumbi la miili yao,
mwisho huwa kitu kimoja, na si kwa mapenzi.

Betri kwanza. Niliitoa kwa juu,
maana moto haungoji mtu amalize maelezo.
Kisha maji ya moto kwenye kifuniko, barafu kwenye bomba,
kipande cha mpira wa baiskeli viganjani,
na subira, ambayo sokoni haipimwi kwa kilo.
Mbele kidogo. Nyuma kidogo.
Kama mtu anayemwamsha mgonjwa.
Kililia mara moja, kikaachia.

Ndani: masizi, sukari ya majimaji iliyoganda,
unyuzi wa pamba, chembe za shaba ziking'aa bure.
"Umelisafisha lini?"
Akatazama viatu vyake.

Basi nikampa yale niliyopewa na Ponciano
kabla mapafu yake hayajakataa ngazi:
mswaki uliozeeka, na spiriti, kila Jumapili;
kitambaa kisichoacha nyuzi;
grisi kiasi cha kichwa cha kiberiti, usipake kama siagi,
umeme nao unataka njia.
Kaza kwa vidole viwili. Cha tatu ni kiburi.
Na kabla hujakaza, rudisha nyuma kwanza,
zungusha kinyume, polepole, hadi usikie *tiki*:
mlango wa hesi umekutana na mlango mwenzake.
Hapo ndipo uende mbele.
Ukiingia mshazari hesi haitapiga kelele,
italika kimyakimya,
na hesi iliyolika hairudi kwa kuombwa radhi.

Alisema ndiyo. Alisema ndiyo mara tatu.
Ningejua. Aliyeelewa husema mara moja, kisha huuliza.

Wiki ya tatu mto ulipanda hadi ngazi ya pili,
naye akaja, suruali imekunjwa magotini, bomba mkononi.
Kifuniko kilizunguka, kikazunguka, kikazunguka,
hakikushika kitu.
Alikikaza ndani ya jipni, gizani,
kwa hasira ya mteja mmoja aliyemwita mjinga.

Hapakuwa na pa kuchonga upya, ukuta wake mwembamba mno.
"Basi litupe," akasema.
Sikulitupa. Limesimama pale, limebeba penseli
na sindano za cherehani za jirani.

Ponciano alikaza kila kitu:
bomba la maji, mshipi wa suruali,
mdomo wake, daktari alipouliza sigara ngapi kwa siku.
Mwaka mmoja baada ya mazishi, nikifungua sanduku lake la vifaa,
nilivunja kucha mbili.

Siku hizi, usiku, nikifunga chupa ya patisi,
ule mchuzi wetu wa samaki,
narudisha nyuma kwanza.
Nasikiliza.
Wakati mwingine inachelewa, ile *tiki*.
Naingoja, mkono mmoja kwenye kioo,
mto nje ukishuka.